Bahasha ya Duka la Dawa Haielezi Kilichomo

Tangu binti yangu agunduliwe kuwa na ugonjwa wa siliaki, nyumba yetu hapa Nairobi imezoea kuishi bila ngano, na kwa kweli jambo hilo halikutushinda. Ugali, nduma, viazi vitamu na githeri havina gluteni, ile protini ya ngano inayomdhuru mgonjwa wa siliaki; tuliacha chapati na mandazi, tukamtafuta mwenye kinu asiyesaga ngano katika mashine anayosagia wimbi, basi. Kilichotushinda ni vidonge vya vitamini, ambavyo ndivyo vilivyotarajiwa kumrudishia nguvu.

Ugonjwa huu huharibu utando wa utumbo mwembamba, mahali ambapo mwili hufyonza madini ya chuma, foleti, kalsiamu na vitamini D, na ndiyo maana mtoto anaweza kula akashiba kila siku na bado akapungukiwa na damu. Daktari alipomwandikia vidonge, nilikwenda katika duka moja la dawa katikati ya jiji. Mhudumu alifungua kopo kubwa, akahesabu vidonge thelathini, akavitia katika bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake, kwa kalamu, 1x1. Nikamwuliza, "Daktari, hivi havina ngano?" Akanijibu kwa upole, "Mama, hii ni vitamini, si chakula."

Ninaamini alisema alichokijua. Lakini kidonge si vitamini tupu. Vitamini yenyewe mara nyingi huwa ni chembe ndogo mno, kwa hiyo kiwanda huongeza vitu vya kukijaza kidonge, kukishikanisha na kukisaidia kuvunjika kinapofika tumboni, na kimojawapo cha vitu hivyo ni wanga. Aghalabu wanga huo hutokana na mahindi au viazi, nao hauna madhara kwa mgonjwa wa siliaki. Ila unaweza pia kutokana na ngano, na kopo linaloandikwa "wanga" bila kutaja zao lililoutoa halijamwambia mzazi lolote. Hata maneno "haina ngano" hayatoshi, kwa sababu gluteni imo pia katika shayiri, na baadhi ya virutubisho vya vitamini B hutengenezwa kwa hamira iliyobaki baada ya kupika bia ya shayiri.

Kiwango cha Codex, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo. Marekani ilitoa kanuni yenye kiwango hicho hicho mwaka 2013, na kanuni hiyo inahusu virutubisho vya vitamini pia. Kwa hiyo haiwezekani kuniambia kwamba jambo hili ni gumu kwa watengenezaji. Wapo wanaonishauri ninunue makopo ya kutoka ng'ambo yenye alama ya kutokuwa na gluteni, lakini mzazi anayeishi kwa kibarua cha kila siku atayanunuaje? Ninachodai ni kidogo zaidi: kila kopo litaje zao lililotoa wanga, na kila anayeuziwa vidonge kwa bahasha aruhusiwe kwanza kusoma kopo vilimotoka. Bahasha ile ya karatasi ni nafuu, nami siipingi, lakini ikifungwa kabla sijasoma kopo inakuwa imeninyima taarifa pekee iliyoweza kumlinda mtoto wangu.

Siku hizi sitoi pesa kabla ya kuona kopo. Ninalipiga picha, na mwezi unaofuata ninasoma upya, maana kiwanda kinaweza kubadilisha viambato bila kubadilisha rangi ya kidonge. Wiki iliyopita mfamasia mmoja, alipoona ninahangaika na yale maandishi madogo, alizunguka kaunta, akaligeuza kopo kwenye mwanga wa mlangoni, tukasoma pamoja hadi mstari wa mwisho: wanga wa mahindi. Akanihesabia vidonge sitini, kisha juu ya bahasha, chini ya 1x1, akaandika jina la kiwanda na yale maneno matatu.