Dereva Akishakamatwa, Jalada Hufungwa

Taarifa ya ajali kubwa katika barabara ya Segera, Korogwe na Mombo, mtu wa Tanga anaweza kuiandika kabla haijatolewa. Idadi ya waliofariki. Miili imehifadhiwa hospitali. Dereva anashikiliwa, au ametokomea kusikojulikana. Chanzo ni mwendokasi na kutaka kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari. Mwisho kabisa, wito kwa madereva wote watii sheria.

Jioni yake barazani Ngamiani, mjini Tanga, watu hugawanyika. Wapo wanaotaka dereva aozee jela, na wapo wanaosema ajali haina kinga, siku zao zilikuwa zimefika. Hubishana mpaka birika la kahawa likauke. Kwa maoni yangu wanabishana bure, kwa sababu wote wawili wanataka jambo liishe leo, tofauti yao ni nani wa kulimaliza: hakimu au Mola.

Nianze na hao wa kudra, maana siku hizi wanadharauliwa mno, hasa na vijana waliosoma. Anayesema "mipango ya Mungu" mara nyingi yuko msibani, anazungumza na mama aliyepoteza mwana. Hapo si mahali pa kujadili matairi. Mama yule akianza kujiuliza kwa nini alimruhusu mtoto kupanda gari lile, hatalala maisha yake yote. Maneno yale humwondolea mzigo usiokuwa wake. Wala dini haikumkataza mtu kujihadhari. Kila aliyekaa chini ya mimbari za huku Pwani ameisikia hadithi ya Mtume kwamba mfunge ngamia wako kwanza, ndipo utawakali. Tatizo huanza pale kauli ya matangani inapobebwa na kupelekwa ofisini, mwenye gari akajifunika nayo, na msimamizi wa barabara naye akavuta upande wake.

Wa lawama nao wana hoja nzito kuliko inavyosemwa. Kwanza kuna suala la mkate. Familia inayodai bima ya mtu wa tatu huulizwa karatasi za polisi na za kesi ya trafiki, kwa hiyo hukumu dhidi ya dereva ni ada ya shule ya yatima, si kisasi. Pili, lawama zikipanda juu huwafikia watu ambao vinginevyo wasingeguswa. Mwaka 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilipoanguka Karatu na kuua watu 35, wengi wao wanafunzi, mmiliki wa shule alifikishwa mahakamani, na kila mwenye shule ya bweni nchini alisikia. Mwaka uliofuata, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza kupita uwezo wake wa watu 101, wakafa zaidi ya 220, Rais Magufuli alivunja bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko. Mtu akiniambia tuache kutafuta wakosaji tutazame "mfumo", huwa naingiwa na wasiwasi kidogo. Mfumo haukamatwi, haulipi faini, wala hauna jina.

Lakini tuitazame Segera. Januari 2025, usiku, eneo la Chang'ombe wilayani Handeni, palitokea ajali. Watu wakatoka majumbani kwenda kuangalia na kuokoa. Lori likaja likawaparamia, na watu 11 wakafariki. Mitandaoni yalianza maneno ya kawaida: dereva wa lori alikuwa wapi na macho yake? Wengine wakawageukia marehemu: walifuata nini barabarani usiku? Hili la pili liliniudhi, sikufichi. Wakati lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 na kuua zaidi ya watu 100, waliokufa walilaumiwa kwa tamaa ya kuchota petroli. Wa Segera walilaumiwa hata bila petroli. Maskini akifa barabarani hakosi kosa.

Swali la maana ni jingine. Katika barabara kuu hiyo, kati ya ajali ya kwanza na ya pili, nani ana kazi ya kuzuia magari? Sisi tunaosafiri tunajua jibu: ni yeyote mwenye panga. Anakata matawi, anayatandaza lami, na dereva akiyaona anajua mbele kuna jambo. Mchana yanatosha. Usiku, mbele ya lori lililobeba tani zake, yanaonekana yakiwa yamechelewa. Pembetatu za kuakisi mwanga hutakiwa kila gari liwe nazo, na wengi wetu tunazo kwa ajili ya trafiki. Ukaguzi ukiisha zinarudi chini ya magunia. Gari la wagonjwa litoke mbali. Kwa hiyo wanakijiji ndio zimamoto, ndio manesi, ndio polisi, bila tochi na bila reflekta. Hata dereva yule angefungwa miaka 30, usiku unaofuata mpangilio ungebaki huohuo.

Korogwe ilikuwa na yake Februari 2023, pale Magila Gereza. Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso, wakafa watu wasiopungua 17. Mabasi ya mikoani angalau yamefungwa kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachopiga kelele mwendo ukizidi, na mwaka huohuo yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Gari la kukodi la msiba halina ratiba wala mkaguzi. Huondoka wakati mwili umetoka mochwari na michango imetimia, na lazima lifike alfajiri kwa sababu kaburi limeshachimbwa. Anayepanga saa hiyo ni kamati ya mazishi, yaani mimi na wewe. Sijawahi kusikia kamati ikimuuliza dereva jana alilala saa ngapi.

Upande wa pili wa mji wa Tanga kuna dunia nyingine. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia Chongoleani, na pamoja nalo yamekuja maisha ya kofia ngumu, buti za chuma na kikao cha usalama kila asubuhi. Wapo wanaoyacheka: eti unajaza fomu ndipo upande ngazi. Fundi wa kuchomelea aliyezoea miwani ya jua huona ni mbwembwe za kizungu. Na kweli, usalama wa karatasi upo. Kuna mahali stika na cheti vinatafutwa kwa bidii kuliko kizima moto chenyewe. Ila wazee waliofanya kazi korona, kwenye mitambo ya kukwangua mkonge, hawacheki. Mashine ile ukiizubalia haikurudishii mkono, na maneno yaliyokuwa rahisi zaidi kwa msimamizi yalikuwa "alizubaa".

Sheria yetu imekwishaondoka huko. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri aweke kinga kwanza, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamlipa aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe uzembe wa mtu. Fidia imetenganishwa na lawama. Bahati mbaya faida hiyo ni ya mwenye ajira. Akitoka getini saa kumi na moja, akadandia bodaboda bila helmeti kurudi Mabanda ya Papa, yuko tena kwenye sheria ya kudra.

Nchi hii inajua pia namna ya tatu ya kushughulikia ajali. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, Novemba 2022, wakafa watu 19. Uchunguzi wa ajali za ndege unaongozwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinachosema lengo lake pekee ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Ripoti ya awali haikuishia kwa rubani. Iligusa hadi uokoaji uliochelewa. Polisi na mahakama wana kazi yao pembeni, hakuna aliyewanyang'anya.

Kwa nini abiria wa Coaster wasistahili hivyo? Watasema ajali za barabarani ni nyingi, haiwezekani. Si zote. Tuanze na zile zinazoua watu 10 au zaidi: kundi dogo lenye mhandisi wa barabara, daktari, mkaguzi wa magari na mtu wa kijiji husika, liandike lilichokiona na likichapishe kwa Kiswahili, mwenye kosa aseme na asiye na kosa asiogope kusema. Polisi wasiachiwe kuiandika peke yao, kwa sababu trafiki waliokuwa zamu usiku ule, na magari waliyoyaruhusu kupita, nao ni sehemu ya maswali.