Mchango wa Taibu

Najua ile video ya shangazi kuingilia wasilisho langu la darasa imeshawafikia. Kabla hamjaisambaza tena, sikieni kwa mwenye aibu yake, maana Rama, mwanafunzi mwenzangu, kaongeza chumvi: shangazi hakulia, alifuta macho tu.

Mada yangu darasani ilikuwa Taiap, lugha ya kijiji cha Gapun, Papua Guinea Mpya, huko kati ya mito Sepik na Ramu. Wasemaji wake hawafiki 100. Nilikuwa nikifanya mazoezi sebuleni kwa shangazi, kwa sauti, na kwa mbwembwe zangu lugha naiita kama mtu ili watu wasisinzie: "Taiap hana ndugu! Laycock miaka ya 1970 alimwingiza ukoo wa Sepik-Ramu. Kulick na Terrill, 2019, wakasema si wa ukoo wowote. Watoto wake wamehamia kwa Tok Pisin, kabaki na wazee!" (Hao watatu ni wataalamu wa lugha; Tok Pisin ni lugha ya mawasiliano ya nchi hiyo.)

Shangazi yuko jikoni. Mimi najua anasikiliza redio.

Jioni ya kuwasilisha niko mtandaoni, kamera imewashwa, nimefika penye utamu: kilima cha Gapun, maelfu ya miaka nyuma, bahari ilipokuwa juu, kilikuwa kisiwa. Mlango ukalia. Nikaona kanga. Kisha mkono. Mkono umeshika bahasha ya kaki, imetuna. Nikampigia nyusi, zile za "baadaye, tafadhali" (mnazijua, hazijawahi kufanya kazi kwa shangazi yeyote). Akavuta kiti. Akakaa. Nusu ya uso wake ikaingia kwenye kamera, akakohoa kidogo.

"Asalaam aleikum. Poleni na mgonjwa."

Mwalimu wangu, mtu wa adabu zake, akaitikia: "Waaleikum salaam, mama. Tumeshapoa."

Tumeshapoa! Mwalimu!

"Ukoo tumechanga tulichojaliwa," shangazi akasema, akiisukuma bahasha kwenye skrini kama kuna dirisha la kupokelea. "Huyu Taibu, hata kama hao kina Sepiki wamemkana, asije akazikwa na manispaa."

Kimya. Mimi natafuta kitufe cha kuzima, mkono umekufa ganzi. Ndipo Rama, huyuhuyu, akawasha kipaza sauti kwa unyenyekevu wote: "Shikamoo mama. Kuna mtafiti anasema huenda ni jamaa wa kina Torricelli." (Ukoo mwingine wa lugha, huo.)

"Marahaba. Basi na wao wachange."

Alama nimepata, msiniulize ngapi. Pesa nimerudisha, ila baba mdogo wa Tanga kagoma kupokea yake. Anataka kujua Taibu kalazwa wadi gani.