Sheikh Al-Amin asomwe, asitajwe tu

Kila anapotajwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, nasikia mambo mawili: alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ni babake Profesa Ali Mazrui. Ni kweli yote. Alishika ukadhi mkuu mwaka 1937 hadi alipofariki 1947. Lakini cheo na mtoto havitoshi kumweleza mtu aliyekuwa akifikiri kwa kalamu.

Mwaka 1930, pale Mombasa, alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Miaka miwili baadaye akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Islah ni kutengeneza kilichoharibika. Hizo herufi ndizo zinazonigusa zaidi. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya serikali, aliyeishia chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, aliweza kulishika gazeti lile na kujisomea mwenyewe habari za dunia na hoja za elimu.

Na hakuwabembeleza wasomaji wake. Mawazo ya Muhammad Abduh wa Misri na mwanafunzi wake Rashid Rida, wanazuoni waliotaka mageuzi katika jamii za Kiislamu, yalikuwa yamemwingia, lakini alizungumza na watu wa Pwani kuhusu mambo ya Pwani: israfu kwenye arusi na matanga, wasichana kunyimwa elimu, vijana kuiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiuacha ujuzi wao. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi.

Kwenye kura ya maoni ya katiba mpya mwaka 2010, mahakama za kadhi zilibishaniwa kwa ukali, kana kwamba ni mgeni aliyebisha hodi jana. Niliumia. Katiba ile ile iliyopitishwa ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na hapa tulikuwa na kadhi aliyekitumia Kiswahili kujadili maendeleo miaka 30 na zaidi kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa. Kwa nini hadithi ya taifa letu ianzie kwa wanasiasa pekee?

Sitaki apewe sanamu, wala sidhani angeitaka. Nataka makala moja ya Al-Islah iingie katika kitabu cha Kiswahili cha sekondari, kwa herufi tunazosoma leo, na kando yake picha ya ukurasa wenyewe. Mwanafunzi wa Kakamega na wa Lamu wabishane naye.