Kambo alikatwa pale peaji

Jumapili tulikuwa tunatoka Likasi kufunga kilio cha kambo, mama ya mama yetu, watu nane ndani ya Toyota Noah ya yaya, mkubwa wangu, na mpaka leo bado nina hasira, kwa hiyo munivumilie nikipandisha sauti.

Binamu yangu alikuwa na kitu mu telefone yake ambacho hakuna mwingine mu familia alikuwa nacho. Kambo anaimba. Dakika nne hivi, wimbo wa Kisanga wa kubembeleza mtoto, alimrekodi siku moja pale nje ya jiko bila kupanga. Akasema yaya, weka hii kwa redio wote tusikie. Yaya akachukua kile kidude chake cha FM, kile cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara, kina taa ya bluu utasema ni nganda, baa ya usiku, akaunganisha telefone, akatafuta 88.5, na kambo akaanza kuimba katikati ya shshshsh.

Barabara ya Likasi mnaijua, malori ya madini mbele, malori ya madini nyuma, lakini pale porini hewa haina watu wengi, basi kidude kikajitahidi. Mama alifunga macho. Mama mdogo akaanza kuitikia polepole. Tukafika peaji, pale pa kulipia barabara, foleni kama kawaida, tukasimama ubavu kwa ubavu na gari moja Ist nyeupe, na hapo hapo, kambo katikati ya neno, pap! Mwanaume akaanza kutuuzia mafuta ya ngozi. Sauti safi, nzito, imejaa gari nzima. Na haikuwa kwamba alichanganyika na kambo, hapana, kambo hakuwepo tena kabisa. Hakuna aliyesema kitu. Halafu mama akafungua macho akauliza, "Kambo ameenda wapi?"

Wengine tukacheka. Mama hakucheka.

Sasa aibu hii mi niliisikia mara mbili, juu kazi yangu njo hii, kufunga redio za gari, miaka kumi na moja sasa. Nimefungia watu wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, wa Katuba, mpaka Ruashi wananiita, na gari ya yaya wangu wa tumbo moja inaendeshwa na kidude cha dola tatu. Mganga hajigangi, mnajua. Kila mara ninamwambia leta gari, anasema iko muzuri tu leki, mdogo wangu, si inaimba? Inaimba. Hata jongoo anatembea.

Wacha niwaambie kilichotokea pale peaji maana kila siku wateja wananiuliza na kila siku ninajibu haraka haraka na bisibisi mu mdomo. Kile kidude ni stesheni ya redio, ndogo kabisa. Kinachukua wimbo toka telefone, kinautupa hewani, antena ya gari inaudaka. Nguvu yake ni kidogo sana, kule Ulaya sheria inasema kisizidi nanowati 50, ambayo ni kama bure, na Uingereza vilikuwa marufuku mpaka mwisho wa 2006. Na redio ya FM haina huruma. Ikipata mawimbi mawili kwa namba moja haiyachanganyi kama sufuria ya pondu, inashika yule mwenye nguvu na kumfunika mwenzake kabisa. Yule wa Ist alikuwa naye na kidude chake, chenye nguvu kuliko cha kwetu, naye alikuwa kwa 88.5. Njo vile kambo alipotea.

Mtasema ni bahati mbaya, namba ziko nyingi, kwa nini wakutane 88.5? Hapo njo penye mchezo wote. Redio zetu hapa zinaanza 87.5 mpaka 108, lakini gari ya Japani ilitengenezewa Japani, na kule FM yao inaanza 76 inaishia 90. Siku hizi wameongeza mpaka 95 lakini zile gari tunazopata sisi, zilizozunguka Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa pale mpakani, nyingi bado ni zile za 90. Sasa piga hesabu. Kidude kinatupa kuanzia 87.5 kwenda juu, redio inasikia mwisho 90. Wanakutana wapi? Megahezi mbili na nusu! Mji mzima huu, kila Ist, kila Vitz, kila Noah, kila Ractis, wote tumebanana mu kile kichochoro cha megahezi mbili na nusu kama watu wanaogombania taxi-bus saa kumi na mbili ya jioni, halafu ukisimama karibu na mwenzako mu ambuteyaji, msongamano wa magari, pale Carrefour unashangaa kwa nini ndombolo yako imegeuka mahubiri.

Na mahubiri yenyewe huwezi hata kujibu amina, foleni inasogea, pasta anaenda na gari yake.

Kuna wanaokimbilia kile kisanduku kinachofungwa kwa waya wa antena, cha kushusha masafa ili redio ya Kijapani isikie stesheni zetu za juu. Ni kitu halali, mi mwenyewe ninafunga, bila hicho gari nyingi hazipati habari za Radio Okapi. Lakini ni cha kusikilizia redio, kidude chako bado kinapita hewani na jirani bado anaweza kukifunika, na kikishafungwa kila namba inayoonyeshwa mbele ni ya uongo, shofere anaanza kutafuta stesheni kama anatafuta sindano mu makaa.

Papa yetu alikuwa na Peugeot ya kaseti. Hapo nilikuwa mtoto, bado Gécamines, kampuni ya madini, inamlipa mshahara siku anazolipwa, na kaka yake aliyerudi toka Ndola akamletea kaseti moja ya ajabu, kaseti yenye mkia. Waya unatoka ndani yake, unaenda kwa kile kichezeo cha CD cha mkononi. Papa alikigeuza huku na huku akasema hii kaseti haina mkanda, inaimba kwa roho gani? Tukaifungua siku moja akiwa kazini, mi na yaya huyu huyu, na kweli ndani hakuna mkanda, kuna vigurudumu viwili vitatu vya plastiki na kichwa kimoja kidogo cha sumaku basi. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa. Kichwa cha redio kazi yake ni kusikia sumaku ya mkanda ikitetemeka, hakijui kusoma mkanda, kinajua kusikia tetemeko, kwa hiyo ukiweka kichwa kingine mbele yake kinachotetemeka sawasawa na wimbo, kinadanganyika na kuimba. Safari isiyofika hata milimita moja! Hakuna kwenda hewani, hakuna jirani, hakuna mafuta ya ngozi. Tulipigwa fimbo siku ile lakini nadhani njo siku nilipochagua kazi.

Kwa hiyo msinidanganye kwamba kidude cha FM ni maendeleo. Kaseti ya uongo ya papa ilikuwa inaimba vizuri zaidi, maana haikupita hewani, na FM ya kidude cha dola tatu haijawahi kuwa safi. Gitaa zetu za huku Katanga zinataka usafi. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wetu, Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 pale Likasi bado inaitwa Jadotville, mtu mmoja na gitaa moja, unasikia kila kidole kinavyotoka kwa waya. Miaka zaidi ya 70 hicho kidole kimevuka, halafu kinakuja kufa mu Noah ya yaya kilomita 120 toka pale alipokirekodi. Inauma.

Dawa yangu ni moja na hamtaipenda kwa sababu haina taa ya bluu. Waya. Kile kitundu cha milimita 3.5 kilichoandikwa AUX. Yule ni mtoto wa zile plagi kubwa ambazo wale mama wa santrali ya telefone walikuwa wanachomeka na kuchomoa kwa mkono tangu karne ya 19, na mpaka leo hakuna kitu cha bei ile kilichomshinda. Telefone inatoa umeme wa wimbo, waya unabeba, redio inakuza. Basi. Hakuna neno la siri kama la Bluetooth, hakuna kungoja, hakuna mwanamke wa Kijapani anayekwambia kitu usichoelewa.

Najua, najua, telefone mpya hazina kitundu. 2016 Apple walitoa iPhone 7 bila kitundu na Phil Schiller akapanda jukwaani akasema hiyo ni ujasiri. Ujasiri! Ujasiri ni kuvuka barabara ya Kasumbalesa usiku. Kutoboa mfuko wangu ninunue kimkia cha kuchomeka pa kuchajia, hiyo ina jina lingine.

Bluetooth, haya, nitasema neno zuri moja juu nikilinyima mtanipigia kelele: ikiwa iko ndani ya redio yenyewe na redio ni ya kweli, iko safi, na watoto hawana waya wa kukata. Nimemaliza. Sasa ongeza kwamba redio nyingi za zamani zina Bluetooth ya kuongea tu, simu ikiita unasikia, wimbo hausikii, na mteja anarudi kwangu amenuna utafikiri mi njo nilitengeneza. Na ongeza ile siku mteja wangu anatoka na bibi yake kwenda misa, gari iko bado langoni, telefone ya kijana yao aliyebaki chumbani ikashika redio, na kilichosikika mu gari sitakiandika hapa maana mama anasomaka.

Flashi nayo ni sawa ukiifomati FAT32 na kuweka MP3, si vile vya M4A mlivyovuta mtandaoni, njo munakuja kusema redio imeharibika.

Kitu kimoja tu kwa watu wa waya, juu nimeona mnalaumu waya bure. Ukichomeka aux na wakati huo huo telefone inachaji kwa gari, utasikia filimbi, na ukikanyaga akselera filimbi inapanda, ukiachia inashuka. Bafle, spika zako, hazijakufa, usinunue zingine. Umeme wa alternateri unapita njia mbili kwenda masi, yaani bodi ya gari, kupitia chaja na kupitia waya wa aux, na ule mzunguko njo unaimba. Chomoa chaja. Ikinyamaza, umepona bure, na kama lazima uchaji kuna kisanduku kidogo chenye transfoma ndani kinachowekwa katikati ya waya, kinakata ule mzunguko. Na telefone ipandishe sauti karibu na mwisho, redio njo uishushe. Watu wanafanya kinyume halafu wanasema waya una kelele.

Basi Jumanne nikaenda kwa yaya bila kuitwa. Sikumuomba ruhusa, nilichukua funguo mezani. Nilijua Noah kama ile haiwezi kukosa mlango wa kuingilia, nikatafuta mbele, hakuna, nikafungua kile kisanduku cha katikati cha kuegemeza mkono, nikatoa maganda ya karanga, risiti za esansi, franga za mia zilizogandana na bonboni, soksi moja ya mtoto, na chini kabisa kuna kifuniko cha plastiki. Nikakiinua kwa bisibisi. Matundu matatu, njano, nyeupe, jekundu. Safi, hayajawahi kuguswa tangu Japani! Miaka minne yaya anaendesha juu ya yale matundu, ameyafunika na karanga.

Njano ni ya picha, unaiacha. Nyeupe na nyekundu njo sauti, kushoto na kulia. Waya ule ninao mu sanduku la kazi siku zote. Kwenye skrini nikabonyeza bonyeza mu Kijapani mpaka nikaona herufi VTR, njo jina la yale matundu, nikachagua hiyo. Binamu alikuwa amenitumia rekodi. Yaya akatoka nje akasimama mlangoni na kikombe chake, mama akatoka nyuma yake na kitenge mabegani, akaingia kukaa kiti cha nyuma, pale pale alipokaa Jumapili.

Nikabonyeza. Hakuna shshshsh. Kwanza kimya, halafu jogoo, mbali kidogo, nyuma ya nyumba. Halafu sufuria inafunikwa. Halafu sauti ya kambo, hajaanza kuimba bado, anamuuliza binamu, polepole, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu, "Hii imeisha kuanza?" Barabara nzima ya Likasi tulikuwa hatujaisikia hiyo.

Mama akasema rudisha nyuma.