Jua linawaka, simu inapiga kelele

Juzi alasiri nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, hapa Tucson, Marekani, jua likichoma utosi, simu ikalia kwa ule mlio wa kushtua: mafuriko ya ghafla, tokeni makorongoni. Juu yangu hapakuwa na wingu. Wingu lilikuwa milimani Santa Catalina, jeusi, limekalia kilele. Korongo la mtaani kwetu lilikuwa mchanga mtupu. Kabla sijamaliza kuanua, vijana wawili walikuwa wamefika na kuweka vizuizi pale barabara inapokatiza korongo. Ndipo maji yakaja, mekundu, yamebeba magogo.

Ardhi ya jangwa hili kwa sehemu kubwa ni mwamba na udongo mgumu, hainywi maji upesi. Milima hiyo iliungua vibaya mwaka 2020, na mlima ulioungua hushindwa zaidi kushika maji. Agosti 12, 1997, watu 11 walikufa Antelope Canyon, kaskazini mwa jimbo hili la Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa.

Lakini hili ni geni kwetu nyumbani, Kenya? Aliyekulia kando ya mto wa mchanga aliambiwa na bibi yake: ukiona giza upande wa vilima, hata kama hujajaza mtungi, toka mtoni. Hakuna mgeni aliyetufundisha hilo, nami naona fahari.

Sasa ilikuwaje kwenye mto Enziu, kule Kitui? Desemba 2021 sote tuliona kwenye simu lile basi likizama, watu ukingoni wakipiga mayowe. Zaidi ya 30 walikufa, wengi wanakwaya wakielekea harusini. Mto uliojaa ulikuwa mbele ya macho yao. Aliyekosekana ni mtu wa kufunga njia na kusikilizwa.

Najua nitakaloambiwa: "Miaka saba Marekani, sasa anatudharau." Sidharau. Watu wa hapa ni wabishi kupindukia. Ndiyo maana mwaka 1995 Arizona ilitunga sheria kwamba ukipita kizuizi ukakwama majini, unaweza kudaiwa gharama za kukuokoa. Mngekuwa mnawaona wanavyosimama kupima kwa macho kama gari lao litaweza!

Mwingine atasema ni pesa: wao wana rada, wana vipimo vya mvua hadi vileleni. Rada ni pesa, nakubali. Vizuizi je? Ni mbao zilizopakwa rangi na vijana wawili. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 husogeza gari dogo. Yakifika 60 hubeba magari mengi, hata makubwa. Kulijua hilo kivukoni kunahitaji nguzo yenye alama, chifu mwenye mamlaka ya kumzuia dereva, na abiria wasiomzomea dereva aliyeamua kusubiri. Hapo pananiuma, kwa sababu nami nimewahi kuzomea. Tulikuwa na haraka, mto ulikuwa umejaa, na tulimpigia kelele yule mzee hadi akaingia majini. Tulivuka. Nikahesabu kuwa ni ujasiri, wake na wetu, na nimekaa na hesabu hiyo miaka mingi.

Maji ya aina hii mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Saa chache tu, jamani!

Mama husema simu zangu za Novemba zinamchosha: mawingu yako wapi, nani anasafiri, mnapitia wapi. Mwaka huu pia nitampigia.