Chura bubu wa Ukaguru na sisi tunaocheka

Kila ikitoka habari ya chura mpya kugunduliwa, komenti ni zile zile, chura atusaidie nini na sukari bei gani, watu wanacheka wanapita. Haya chekeni, lakini mnyama asiyekuwa na jina hana mtetezi, hakuna sheria wala bajeti ya kulinda kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote.

Chukueni huyu chura wa matete wa milima ya Ukaguru, mkoa wa Morogoro, aliyetangazwa 2023 kwa jina la Hyperolius ukaguruensis. Watafiti walipanda kule 2019 wakimsaka mwengine kabisa, Churamiti maridadi (hilo ndo jina, wallahi sijatunga), ambae kaandikwa tangu 2002 na waliowahi kumtia machoni ni wachache mno, wakamkosa, wakakutana na huyu. Na huyu sasa ana kituko chake, halii! Dume la chura tumezoea linapiga kelele usiku kucha kumwita jike, hili liko kimya, ila shingoni lina vimiba vidogo vidogo na wataalamu wanahisi ndivyo wanavyotambuana, kwa kugusana.

Halafu mtu asidhani kazi ni kumuona tu ukapiga picha. Unampima, unamlinganisha na jamaa zake wote, unaangalia vinasaba. Zile aina tatu mpya za vyura zilizotangazwa 2025, jenasi (yaani ukoo) ya Nectophrynoides, wa bara pia, hawa wanazaa vitoto kamili bila ya kupitia viluwiluwi majini, ilibidi mpaka wapimwe vyura waliokaa kwenye machupa ya makumbusho zaidi ya miaka 100. Machupa mengi yako Ulaya, hilo linanikera lakini tuliache.

Kinachoniuma hasa ni Kihansi, korongo la milima ya Udzungwa huko bara. Chura mdogo wa manjano, kajulikana 1996 wakati bwawa la umeme liko njiani, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu na kieneo chenyewe ni kama hekta mbili. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, na ugonjwa wa ukungu ukaingia, kufika 2009 akatangazwa hayupo tena porini. Walionusurika ni wale 499 waliopelekwa Marekani mwisho wa 2000, wakazaliana huko, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Angegunduliwa baada ya bwawa kuwashwa, nani angejua kama kuna kitu kimepotea?

Ndo narudi kwetu Pemba. Kisiwa kimetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kirefu, tuna ninga wetu, bundi wetu, na popo wetu ambae alikuwa anamalizika kwa kuliwa, leo kijijini Kidike watu wanamtunza na wageni wanalipa kuja kumtazama. Kwa ndege na popo tumeonesha tunaweza. Vyura je? Msitu wa Ngezi upo, mabonde ya mpunga yapo kila pembe, na usiku wa masika hata kulala hulali kwa kelele zao, lakini nani anazisikiliza? Mwalimu wa biolojia skuli yoyote Pemba angeweza kuwatoa wanafunzi baada ya Isha, pamoja na wazee wao, wakarekodi kwa simu zao na kuandika tarehe na bonde gani, gharama yake ni bando tu. Wakikutana na aina bubu hapo itabidi tochi.