Donda ndugu la kisukari na dawa za Kichina: ushahidi umefika wapi?

Mwaka 2021 jarida la JAMA Network Open lilichapisha matokeo ya ON101, krimu ya Taiwan iliyotengenezwa kwa mimea miwili, Plectranthus amboinicus na Centella asiatica. Wagonjwa 236 wenye vidonda vya miguu vya kisukari walishiriki. Katika wiki 16, vidonda vilifunga kabisa kwa asilimia 60.7 ya waliopakwa krimu, na asilimia 35.1 ya waliofungwa bandeji ya kunyonya majimaji. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa huenda mguu ukakatwa, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Basi anayezibeza dawa hizi kwa sababu tu ni mitishamba anakosea. Artemisinini, dawa ya malaria, nayo ilitokana na mmea wa tiba ya Kichina, na mwanasayansi wa China aliyeigundua, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Ila mfano huo hutumiwa vibaya: kinachotibu malaria ni kemikali iliyochujwa na kupimwa, si majani yaliyochemshwa.

Tena, tuwaangalie wagonjwa wenyewe wa ON101. Damu ilikuwa bado inafika miguuni mwao, na nyama iliyokufa iliondolewa kwanza. Mwenye mshipa ulioziba na kidole kilichoanza kuwa cheusi hayumo katika hesabu ile. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la mguu wa kisukari, IWGDF, lilishauri dawa za mitishamba zisitumike kuponyesha vidonda hivi, kwa kuwa tafiti nyingi ni dhaifu. Kwa sasa naliunga mkono.

Dawa za kunywa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, watu waliotumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene waliharibika figo kwa asidi ya aristolokia, sumu iliyomo katika baadhi ya mimea. Wenye kisukari wengi figo zao tayari zimechoka.

Halafu kuna ganzi ya miguu inayoletwa na kisukari. Mgonjwa hupaka dawa asubuhi, akavaa ndala na kukanyagia kidonda hicho hicho kutwa nzima, kwa sababu hakiumi. Hakuna krimu itakayoshinda uzito huo. Mguu unahitaji kiatu maalumu au plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, ya kuupumzisha.

Tabibu wa Kichina hupima mapigo kifundoni mwa mkono. Mgonjwa huyu apimwe mapigo pia mguuni, upande wa juu wa unyayo. Yasiposikika, aende kwa daktari wa mishipa ya damu upesi, krimu isubiri.